Tonton Wangu Alikodisha Machozi ya Mama

Nina miaka kumi na sita. Niko darasa la tano la humanités, yaani sekondari, hapa Kisangani, na shuleni wananiita Radio kwa sababu hakuna aliyepata kitufe cha kunizima. Jina langu la kweli ni Grâce... mwalimu wa hesabu anasema wazazi wangu walidanganywa.

Mimi ndiye niliyeiga kikohozi cha préfet wetu, mkuu wa shule, wakati wa salamu ya bendera, mpaka yeye mwenyewe akageuka kutafuta mgonjwa. Nimetolewa nje ya darasa mara nyingi kuliko takataka. Nacheka kanisani. Nacheka hata kwenye kilio, Mungu anisamehe, hasa nikiona mtu analia huku jicho moja liko kwenye sufuria.

Kwa hiyo mkiniona leo nimeshika kalamu bila kucheka, jueni kuna jambo. Nimejaribu kulifanya kichekesho, wasomaji wenzangu. Nimeligeuza juu, nimeligeuza chini... linanuka pande zote!

Bon, nianzie kwa Papa.

Papa alikuwa infirmier, yaani muuguzi. Kabla hatujahamia mjini, alifanya kazi miaka mingi kwenye vijiji vya mto, upande wa kushuka kwenda Isangi. Zahanati yake ilikuwa chumba kimoja cha udongo, na ambulance yake ilikuwa pirogue, mtumbwi wa mti. Watu wa huko walimwita Docta, na Mama wakamwita Mama Docta. Mimi nilizaliwa baadaye, hapa mjini, kwa hiyo maisha yale niliyajua kwa masimulizi tu.

Papa akaugua. Papa akafa. Tukamzika hapa Kisangani.

Mama alivaa nyeusi mwaka mzima, kama desturi yetu inavyotaka. Mtaa wote ulijua kilio chake. Mama hakulia kama wale wanaopiga yowe kisha wanaomba soda. Alilia kwa sauti ya chini, moja, ndefu, hata walevi walipita mbele ya nyumba yetu wakinyata. Na kicheko chake kikaisha kabisa. Mimi, Radio, niliyechekesha hata mapadri, nilimwigia jirani zetu wote, nilimwigia kuku, nilimwigia mimi mwenyewe... Ananitazama tu. Anasema, "Mwanangu, kamata ufagio."

Mnajua inavyouma kuishi na mtu unayempenda, na huwezi kumchekesha?

Mwaka ulipotimia, familia ya Papa ikafanya sherehe ya kutoa kilio. Nyeusi zikavuliwa. Mama akawa huru kuvaa rangi, kusafiri, kuishi. Lakini uso ukabaki palepale.

Ndipo Tonton Rigo akaja na wazo lake.

Tonton Rigo ni mdogo wake Mama, wa kiume peke yake kwao. Kama mimi ni Radio, yeye ndiye antena. Yeye ndiye aliyenifundisha kuiga watu. Mrefu, mdomo mzuri, leo anauza simu, kesho anauza simenti, keshokutwa hajulikani alipo. Nilimpenda sana. Naandika hivyo na mate yananijaa mdomoni, si kwa hamu... kwa kichefuchefu!

"Yaya," akamwambia Mama, kwetu ndiyo dada mkubwa, "umelia ya kutosha. Vakansi hii ya shule minakupeleka croisière, kutembea juu ya mto. Bateau ya voile! Sawa ya bazungu ba zamani. Mupepo tu, moteur hapana!"

"Na mupepo ikikosa?" Mama akauliza.

"Mupepo haikosake, Yaya. Iko ya Mungu."

"Tonton," nikasema, "hata umeme wanasema ni ya Mungu, na inakosaka kila siku."

Akacheka, akanipiga kofi la kichwa. Mama alisita. Ni mimi niliyembembeleza. Nilimwambia atapata hewa, ataona mto, mdogo wangu Exaucé, mwenye miaka saba, atafurahi. Akakubali. Tonton akatuletea hata kitenge cha uniforme, cha buluu iliyokolea, sisi sote watatu tushone nguo za kufanana kwa ajili ya picha. Nani kwetu anashonesha familia nzima kitenge kimoja? Wenye harusi na wenye maiti! Lakini mimi nilifikiria picha tu. Radio mzima, na sikunasa hata mawimbi!

Siku ya safari tukashuka beach, bandarini kule Makiso. Na bateau ikawa pale...

Wasomaji, ilikuwa baleinière ya mbao, ile mashua ndefu ya kubeba mihogo na mkaa, iliyosimamishiwa milingoti miwili mirefu kama miti ya simu. Voile zenyewe, yaani vitambaa vya kukamata upepo, zilikuwa magunia ya mchele yaliyoshonwa pamoja. Ukitazama juu, badala ya kuona fahari, unasoma *riz parfumé, riz parfumé, riz parfumé*, mengine yakiwa kichwa chini. Beach nzima ilikufa kwa kicheko.

"Capitaine!" kijana mmoja wa toleka akapiga kelele juu ya baiskeli yake ya kubeba abiria. "Iyo iko bateau ama depo ya muchele?"

"Iko ndege!" Tonton akajibu. "Panda nikuangushe!"

Alikuwa na wafanyakazi wawili wa kusukuma kwa fimbo ndefu, watu wasiosema neno. Katikati ya mashua kulikuwa na meza ndefu, imefunikwa kwa nailoni ya maua, imefungwa kwa kamba isiteleze. Tonton akasema hiyo ni meza ya première classe.

Choo cha première classe kilikuwa ndoo nyuma ya gunia. Maji chini ya mbao yalikuwa meusi, na mende wa humo walikuwa wakubwa, wana ndevu, wanakutazama kama wanakudai tiketi. Na harufu... harufu ilitoka chini ya ile meza. Nzito, tamu, kama nyama iliyosahauliwa ndani ya sufuria.

"Rigo, ni nini hii inanuka?" Mama akauliza.

"Iko glacière, Yaya. Samaki ya kuchoma. Barafu imeyeyuka kidogo."

Tukaamini. Na tukala juu yake! Lituma ya ndizi, sombe ya majani ya mihogo, makayabu ya samaki wa chumvi, vyote tukavipanga juu ya ile nailoni. Exaucé alilala juu yake mchana. Mimi nilikaa juu yake nikining'iniza miguu, nikapigwa picha nikitabasamu. Hiyo picha nimeifuta kwenye simu, lakini ndani ya kichwa haifutiki.

Mchana ule upepo ulikuja mara moja tu. Ukapiga voile ya mbele, kamba ikakatika, na magunia yote ya mchele yakamwangukia Tonton. Akatembea chini yake akipapasa kama mzimu aliyepoteza makaburi. Na nyuma yangu nikasikia sauti ambayo nilikuwa nimeisahau... Mama anacheka! Anacheka mpaka anashika tumbo! Niligeuka nikamtazama, machozi yakanitoka. Nilimpenda Tonton siku hiyo kuliko siku zote. Muandike hapo.

Jioni Exaucé akaanza kutapika kwa sababu ya mashua kuyumba. Tonton, mkarimu, akaenda upande wake wa mashua, akarudi na chupa ndogo ya sirop, akamnywesha vijiko viwili. "Hii itamutuliza." Ikamtuliza kweli: tumbo likafunguka, mtoto hakutoka juu ya ndoo. Mama akasema ni makayabu. Tulilala kwenye kijiji cha njiani, na asubuhi tukaendelea, Exaucé amelegea kama kitambaa.

Asubuhi hiyo Tonton hakucheka. Alikuwa anatazama mbele tu. Mto ulipokata kona, akaja akapiga magoti mbele ya Mama.

"Yaya, sikia, hapana piga kelele. Pale mbele kuna barrière. Bale basoda banafunguaka mizigo yote. Lakini bateau ya maiti banaachaka ipite, ni desturi ya mto, hakuna mutu anachunguliaka maiti. Mulie kidogo. Kidogo kabisa! Kisha tunaendelea na vakansi."

"Maiti ya nani?" Mama akauliza.

Tonton akafungua kamba, akavuta ile nailoni ya maua.

Sanduku la maiti.

La mbao ya kahawia, limepakwa vernis, lina mishikio. Matone ya mchuzi wa sombe yetu yalikuwa bado juu yake! Kutoka chini ya mbao za mashua akatoa msalaba mweupe, akauweka juu. Na juu ya msalaba, kwa rangi nyeusi, kwa mwandiko mzuri... jina la Papa.

Jina lote. La ubatizo na la ukoo.

Nilidhani nimeota. Mama aliutazama ule msalaba, kisha akauliza polepole, kama mtu anayeuliza njia:

"Rigo... ile jina iko nafanya nini pale?"

Sikieni jibu lake, wasomaji, sikieni vizuri!

"Yaya, ningeandika jina ya nani? Ya mutu muzima? Ukiandika mutu muzima kwa sanduku unamuua! Ya kutunga tu? Kuna mutu fulani anaibebaka ile jina, kifo itamutafuta. Docta ye amekwisha kufa. Kwake haina hatari."

Na hapo, lazima niwaambie, hakuwa anatania. Kwetu jambo hilo hakuna anayelichezea. Hata fundi wa masanduku hakupimii mbao kabla hujamwambia nani amekufa. Tonton aliwaza, akaogopa, akatafuta jina lisilo na hatari. Kifo alikiogopa. Maskini dada yake hakumwogopa hata kidogo!

Nikaelewa yote kwa pamoja. Kitenge cha kufanana. Vakansi. Meza. Na kwa nini Mama, si mwanamke mwingine? Kwa sababu hakuna mjini aliyelia kama Mama! Wengine wangelia uongo na askari angejua. Tonton alimbeba dada yake kama mtu anayebeba jenereta: unajua ikifika pale, utavuta kamba tu, itawaka.

Na iliwaka... Mama hakuigiza chochote. Macho yake yalikuwa juu ya jina lile, na ile sauti ya chini, moja, ndefu, ikaanza kutoka kifuani mwake. Exaucé akamshika, akalia naye. Mashua ikafika barrière, kizuizi cha askari.

Askari mkubwa akasimama na fimbo yake tayari kupekua. Akamwona Mama. Akavua kofia. Wote wakavua kofia.

"Nani amekufa?" akauliza kwa upole.

"Bwana yake, chef," Tonton akajibu, sauti imejaa kamasi. "Docta. Alitumikiaka huku mto, zamani."

"Pole, mama. Mupite. Mungu abasindikize."

Tukapita. Na tulipopita, Tonton akageuka upande wangu, upande wa mwanafunzi wake mpendwa... akanikonyeza!

Mama bado analia nyuma yake, na yeye ananikonyeza! Kama tulivyokuwa tukikonyezana nyumbani baada ya kumwiga padri. Jicho lile moja, lililofungwa na kufunguka, nikilikumbuka natamani kunawa. Kunawa nini sijui. Pote!

Mama alipoweza kusema, alisema neno moja: "Nirudishe." Tonton akasema kupanda mto bila upepo haiwezekani. Na kweli, ile mupepo-haikosake ilikuwa imekosa. Voile zilining'inia kama nguo za kufua. Wale wafanyakazi wawili walisukuma kwa fimbo, tukaendelea kushuka, tukitambaa kama konokono mwenye malaria.

Kumbe askari mmoja wa barrière alikuwa mtoto wa kijiji kilichofuata. Alisikia "Docta", akasoma msalaba, akapiga simu kwao.

Pirogue zikatoka. Kwanza moja, halafu nyingi, zikajaza mto mbele yetu. Katika ya kwanza alisimama koko mmoja, yaani bibi mzee, mwembamba, mkavu, amejifunga kanga kiunoni. Jina lake Koko Alphonsine. Alisema kwa Lingala na Swahili vilivyochanganyika, mimi nawaandikia nilivyosikia; *njo* ya kwetu ni *ndiyo* tu.

"Mama Docta!" akaita. "Njo wewe? Munapitisha Docta wetu mbele ya mulango sawa mizigo ya chumvi?"

Habari ya kifo cha Papa haikuwa imewafikia kule. Ndiyo kwanza wanasikia! Na kwao maiti aliyekula chakula chenu hapiti mbele ya beach yenu akiwa majini. Lazima aguse udongo, aimbiwe, ndipo aendelee. Ni aibu ya kijiji kizima akipita kimya.

Tonton akaruka. "Koko, tuko na haraka! Maiti inaharibika, inanuka!"

Koko akamtazama juu mpaka chini.

"Ata sisi tuko na pua, mutoto. Docta alivumiliaka vidonda vyetu miaka yote. Leo sisi tutashindwa na harufu yake?"

Wakatufunga kamba, wakatuvuta.

Ningependa kuwaambia nilifanya jambo la ushujaa. Sikufanya. Mdomo wangu, ambao haujawahi kunyamaza hata mbele ya préfet, ulikauka. Niliwatazama vijana wakibeba lile sanduku mabegani, wakiimba, wakilipandisha mpaka kwenye zahanati ya Papa. Paa lilikuwa limeanguka upande mmoja. Tangu aondoke, hawakupata infirmier mwingine. Wanawake wakatandika mkeka mpya. Wakaleta ndizi, wakaleta kuku, wakaleta samaki wa moshi, vitu ambavyo ulikuwa unaona wazi wanavitoa kwenye chakula chao wenyewe.

Kijana mmoja wa mbele alikuwa na jina la Papa. Papa ndiye aliyempokea siku ya kuzaliwa kwake, miguu ikitangulia, kwa hiyo wakampa jina lake. Alipokuwa amebeba, maji fulani yakapenya kwenye mbao, ya rangi ya kutu, yakamtiririkia shingoni mpaka kwenye shati. Alijipangusa kwa kiganja. Hakukunja uso. Alijipangusa taratibu, kwa heshima, kwa sababu alidhani ni Papa...

Nilienda nyuma ya zahanati nikatapika mpaka kamasi.

Niliporudi, Tonton alikuwa amechutama, mdomo sikioni mwa Mama. Nilisikia kila neno.

"Yaya, nyamaza. Bakijua, bataniua hapa. Utamuambia mama yetu nini? Kwamba we njo uliniuza? Waache balie, bamalize, tuondoke. Machozi haina kazi ingine!"

Mama alikuwa amekaa chini karibu na sanduku, wanawake wamemzunguka, wanamlilia mume wake kwa majina ambayo mimi mtoto wake sikuyajua. Upande mmoja, mume wake. Upande mwingine, ndugu yake wa pekee, na mapanga ya kijiji yamesimama ukutani. Angenyamaza, wote tungerudi salama. Nyinyi mngefanya nini?

Mama akasimama.

"Mama zangu, baba zangu, nyamazeni," akasema. "Docta nilimuzika mwaka uliopita, kule Kisangani. Kaburi yake iko kule. Humu ndani hayuko."

Akaweka mkono juu ya jina la Papa.

"Ile jina iko ya bwana yangu. Sanduku iko ya ndugu yangu. Nipeni panga."

Koko Alphonsine akampa panga. Mama hakuwa na nguvu, ni yule kijana mwenye jina la Papa aliyeinua kifuniko.

Nzi! Nzi kwanza, kama moshi. Halafu utumbo wa nguruwe, umeoza, umekuwa wa kijani, umewekwa juu ndani ya mifuko ili askari yeyote akisogeza pua akimbie. Mifuko ilikuwa imepasuka. Wanawake wakatapika palepale kwenye mkeka mpya. Na chini ya utumbo, maboksi. Vidonge, sindano, chupa. Tarehe za mwisho zote zimekwanguliwa kwa wembe. Dawa zilizoharibika, za kuja kuuziwa vijiji hivihivi ambavyo havina infirmier!

Exaucé akasogea, akanyoosha kidole, amefurahi kuona kitu anachokijua.

"Mama! Ile iko dawa yangu!"

Ilikuwa sirop ileile. Chupa ileile.

Mama akaiokota kwenye yale maji. "Rigo. Hii njo ulimupa mutoto wangu?"

Na Tonton, mtu wa maneno, bingwa wa vichekesho, alipata jibu hili moja:

"Haiko mbaya, Yaya... Imechoka tu kidogo."

Koko Alphonsine alimpiga kofi moja. Lilisikika mpaka mtoni. Wanaume wakamkamata, mmoja akachukua panga, na hapo nilidhani nitamwona mtu akifa. Mama akajiweka katikati. Hakulia, hakupiga magoti. Akasema, "Musimuue. Achimbe."

Kwa sababu kwao sanduku lililoliliwa halirudi majini. Lazima lizikwe, hata liwe na nini ndani. Donc Tonton Rigo alichimba kaburi peke yake, kwenye jua, akitapika kati ya koleo na koleo, wanawake wamekaa pembeni wakimwimbia nyimbo za matusi ambazo kwa umri wangu nilikuwa sijawahi kuzisikia, na nina umri wa kusikia mengi. Dawa zikachomwa. Mama alichukua msalaba, akakwangua jina la Papa kwa panga mpaka mbao ikabaki nyeupe, kisha akautupa motoni. Baada ya hapo wakamwimbia Papa bila sanduku, bila maiti, mbele ya mlango wake uliovunjika. Walimwimbia vizuri.

Wafanyabiashara wenye pirogue ya moteur walitupandisha mjini. Tonton alibaki na magunia yake ya mchele.

Mngedhani imeishia hapo. Hata mimi.

Familia ya Papa ikasikia. Wakaja, baba wadogo na mashangazi, wakakaa sebuleni. Walimlaani Tonton, ndiyo. Lakini halafu shangazi mkubwa akageukia Mama. Akasema: ulilia mbele ya sanduku lenye jina la kaka yetu. Ulilia mbele ya watu. Kilio kimefunguliwa tena, na kilio kikifunguliwa hakifungwi kwa mdomo. Lazima nyeusi zivaliwe upya. Mwaka mzima!

Nilipiga kelele. Niliwaambia ni upuuzi, sanduku lilikuwa na matumbo ya nguruwe, je, tuvalie nguruwe nyeusi? Wakaniambia ninyamaze, mtoto asiye na adabu. Nikamtazama Mama akatae. Mama hakukataa. Alisema, "Ni kweli, nililia." Akaingia chumbani.

Tangu siku hiyo yuko ndani ya nyeusi. Kicheko kile cha mtoni ndicho cha mwisho nilichosikia, na kilikuwa juu ya sanduku.

Na Tonton? Yuko mjini. Mzima! Jumapili moja mchana nilitumwa kununua mkate, nikapita mbele ya nganda moja, baa ya mtaani, nikasikia watu wanacheka mpaka viti vinalia. Nikachungulia. Tonton amesimama kati ya meza, chupa mkononi, kitambaa kichwani... anamwiga Mama! Ile sauti ya chini, moja, ndefu. Anailia, kisha anakonyeza meza, na watu wanaanguka.

Na jambo la kuchukiza kuliko yote, ambalo sijamwambia mtu: alikuwa anachekesha. Alikuwa bora kuliko mimi. Nilisikia midomo yangu mwenyewe inaanza kujivuta...

Nikaingia.

"Tonton, endelea," nikasema. "Lakini fanya yote. Fanya yule kijana aliyejipangusa maji ya nguruwe akidhani ni papa yangu. Fanya Exaucé juu ya ndoo. Na huyu mama unayemfanya, waambie batu iko nani kwako."

"Ah, Radio... minacheza tu."

"Waambie."

Watu wakaanza kutazama bia zao. Mmoja akauliza, "Iko dada yako?" Tonton akavua kile kitambaa kichwani, akakikunja vidogo vidogo, kama mtu anayetafuta pa kukificha. Mwenye nganda akafungua muziki.

Wasomaji wenzangu, hasa nyinyi vijana mnaopenda kucheka kama mimi, nawaomba. Mkiwa na tonton anayechekesha nyumba nzima, mchekeeni, lakini mtazameni anasimama juu ya mgongo wa nani. Mkiletewa vakansi ya bure, na kitenge cha kufanana, na meza iliyofunikwa na kufungwa kamba... funueni! Funueni hata kama mtaharibu sherehe, hata kama mtaitwa watoto wabaya.

Na maiti wenu ni wenu. Machozi ya mama zenu msimruhusu mtu yeyote ayatoe barrière kama karatasi ya kupitia. Mama yangu ameamka leo, amevaa nyeusi, amenipa chai, ameniuliza naandika nini. Nimemwambia ni devoir, kazi ya shule.